Akiuma, Mrudishe

Mimi nikikuuzia mbwa, kwanza utanisikiliza. Kama unataka mbwa wa kuchukua na kuondoka bila kuulizwa swali, soko liko, nenda huko. Kwangu Kiamunyi utasimama pale langoni nikuulize utamlaza wapi, utamlisha nini, na nani atabaki naye ukienda kazini. Majirani husema Wangare anauza mbwa kama mtu anayeoza binti. Waache waseme. Mbwa aliyezaliwa kwangu ni wangu mpaka afe, hata akiwa kwako, na sheria yangu ya mwisho huwa naisema kidole kikiwa juu: akikushinda, akianza kuuma watu, usimtupe barabarani wala usimpe mtu mwingine. Mrudishe kwangu.

Hata majina yenu sikuwa na haja nayo. Kwenye simu yangu niliwaandika kwa majina ya mbwa, vile mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Kuna Mama Bella, kuna Baba Tiger, na mimi wote wananiita Mama Sheba, kwa sababu Sheba ndiye mbwa wangu mzazi, wa ile mbegu ya mbwa wa polisi. Niliuona ni mtindo mzuri sana. Siku hizi nikiukumbuka naona aibu.

Uzao wa mwaka huu ulikuwa umeshachukuliwa wote isipokuwa wawili, dume na jike. Siku moja mchana nikasikia Sheba akibweka nyuma ya nyumba, na haikuwa sauti yake ya kubwekea wageni. Kufika, nikaona mkia wa mbwa wa mtaani ukipenya chini ya ua. Sheba nywele za mgongo zilikuwa zimesimama wima, na wale watoto wawili wamejikunyata kwenye kona ya banda. Niliwageuzageuza wote. Jike alikuwa na mkwaruzo sikioni, nikadhani ni waya, nikampaka spiriti. Dume hakuwa na kitu, au kilikuwapo sikukiona, maana wakiwa umri ule manyoya yamejaa kama ya kondoo. Nikaziba shimo kwa mawe nikarudi kwa sufuria zangu.

Yule dume ndiye alichukuliwa na dereva wa lori. Mwanamume mrefu, mpole, alikuja na msichana wake wakati wa likizo ya shule, na badala ya pesa tukakubaliana magunia ya viazi, hizi waru zetu, kutoka shambani kwao Kuresoi. Msichana hakuwa na meno ya mbele. Alimkumbatia kijibwa akamwita Kamanda papo hapo, na mimi nikamwandika babake kwenye simu: Baba Kamanda. Nilipokuwa nikitoa zile sheria zangu, baba mtu alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, macho yako kwa lori. Msichana ndiye aliyenisikiliza. Alinitazama mpaka neno la mwisho, hapepesi macho, nikajiambia huyu mtoto ana adabu.

Jike nilimbakiza, nikampa jina la Kadogo. Hakuwa na shida yoyote mpaka asubuhi moja alipokataa maziwa. Nikafikiri ni minyoo. Kufika jioni sauti yake ilikuwa imebadilika, anabweka kwa mkwaruzo kama mzee mwenye kifua, na taya la chini limelegea. Nikaingiza mkono nione kama kuna mfupa umemkwama kooni. Aliniuma. Mtoto niliyemlisha kwa chupa aliniuma mkono na hakutaka kuachilia, na macho yake hayakuwa yananijua.

Nilimpigia Daktari Kiplimo, anayetibu mifugo yetu upande huu. Mtu wa utani huyo, akifika huwa ananiuliza leo nimempikia nini. Siku hiyo alisimama nje ya waya, akamtazama Kadogo akijaribu kunywa maji na maji yakirudi kwa mdomo, na hakunitania. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ameniuma. Nikamwonyesha mkono. Akasema nianze kuosha kwa sabuni na maji ya mfereji, nisiache mpaka aseme niache, halafu niende hospitali nikachomwe sindano wala nisingoje majibu ya maabara.

Nilikwenda, na niliporudi Kadogo alikuwa amelazwa kwa sindano asiamke tena. Kichwa chake kilipelekwa kupimwa, majibu yakaja: kichaa cha mbwa. Sheba alikuwa na chanjo, akaongezwa nyingine na kufungiwa peke yake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jikoni nikisema afadhali imekuwa kwangu na si kwa mwenye watoto. Hapo ndipo Kiplimo aliponiuliza.

"Na ndugu yake yuko wapi?"

Kiplimo alinieleza bila kuzungusha. Kama mbwa yule wa mtaani aliwauma wote wawili, dume naye ana ugonjwa mwilini, na unaweza kuamka leo au mwezi ujao. Akishaanza kuugua, na hata siku chache kabla hajaonyesha dalili, mate yake ni sumu. Mtu aliyeumwa akichomwa sindano mapema, anapona kabisa. Akingoja mpaka yeye mwenyewe aanze kuogopa maji, hakuna daktari duniani atakayemsaidia. Nikaona lile pengo la meno ya mbele, na mashavu yamefichwa kwenye manyoya ya Kamanda.

Nikapiga simu. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Nikapiga tena, nikapiga nikiwa nawasha pikapu, nikapiga nikiwa nimeshafika barabara kuu. Kila mara ni yule mwanamke wa mitambo na sauti yake tamu. Nilimtukana, haki ya Mungu.

Lori la Baba Kamanda nilikumbuka alisema hulala Salgaa, basi nikaenda Salgaa. Malori yamepangwa pande zote, madereva wamekaa vivulini, na mimi napita katikati yao nikiuliza kama kuna anayemjua Baba Kamanda, mrefu, ana binti. Wakanicheka. Mmoja akasema, mathe, hapa kila mtu ni kamanda, wewe unataka yupi. Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kulia, sijui ni kipi kilitangulia. Mbwa zaidi ya mia wametoka mikononi mwangu, nikijisifu kwamba ni wangu mpaka wafe, na sijui hata jina la mtu aliye na mmoja wao nyumbani.

Niliingia kwenye hoteli ya chipsi ya mwanamke mmoja anayeitwa Khadijo, si kwa sababu ya njaa, miguu tu ilikataa. Aliniletea chai akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hajafa bado. Nilipomaliza kumweleza, akaniuliza kwa nini sijifanyi natuma pesa kwa ile nambari, jina lake litokee kwenye simu kabla sijakubali kutuma. Ngai, Mungu wangu. Kitu ambacho kila mama mboga anakijua, hofu ilikuwa imenifungia akili nisikifikirie. Nikabonyeza. Likatokea jina la mwanamke: Jeruto.

Khadijo aliomba kuliona. Akasema Jeruto ni mke wa Kipkoech, ndiye huyo dereva mrefu ninayemtafuta, laini ya simu iliandikishwa kwa jina la mkewe, na hizi waru anazokaanga hapa zinatoka shamba lao. Kipkoech alikuwa amekwenda Juba na mzigo, huko simu haishiki. Khadijo hakuwa na nambari nyingine ya nyumbani kwao, lakini lori la Kipkoech liliwahi kumfikisha shambani akachague waru mwenyewe. Akamwaga sukari kidogo mezani akanichorea kwa kidole: barabara ya Molo, kisha juu Kuresoi, kituo cha maziwa, kushoto kwenye miti ya mikaratusi, nyumba ya mabati ya kijani. Khadijo ni mtu wa dini, mbwa hamgusi. Lakini nilipotoka alinifuata mpaka kwenye gari, akaniambia ataniombea mimi, na mtoto, na hata huyo mnyama.

Barabara ya Kuresoi sikuwa nimeipanda tangu mamangu aliposhuka nayo, godoro kichwani, ile miaka ya kufukuzana kwa kabila ambayo hatupendi kuitaja. Nilikuwa nimeapa sirudi. Siku hiyo sikuwa na nafasi ya kuogopa watu, nilikuwa na hofu moja tu na ilikuwa imejaa gari zima. Nyuma nilikuwa nimebeba tundu la chuma. Kila nilipogonga shimo lilikuwa linapiga kelele, na kila likipiga nilikuwa nashtuka kana kwamba tayari kuna kitu ndani.

Nilipofika kwenye nyumba ya mabati ya kijani, kitu cha kwanza nilichoona ni Kamanda. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ghala la waru. Alinitambua. Alitikisa mkia mpaka kiuno chote kikayumba, akalia ile sauti yao ya furaha. Kando yake kulikuwa na bakuli la maji, na mbele ya macho yangu akainama akanywa, akanywa vizuri, akaramba mdomo.

Jeruto alitoka jikoni akijifuta mikono. Mwanamke wa sauti ya taratibu, alinikaribisha kabla hajaniuliza nimefuata nini. Nilimwambia pale pale nje, tumesimama. Akaweka mkono kifuani. Halafu akasema kitu ambacho nilikuwa nimesali nikisikie tangu Salgaa: huyu hajauma mtu. Ni mpole mno, hata kuku hawamwogopi, anacheza na Chelimo tu, na Chelimo hajawahi kulalamika hata siku moja. Tushukuru Mungu.

Nikashukuru. Nilitaka sana kuamini. Nilikuwa hata nimeanza kuwazia namna ya kumwingiza Kamanda kwenye tundu bila kumgusa, nishuke kabla ya mvua, nikalale. Lakini mimi nimelea hawa wanyama miaka mingi. Mtoto wa mbwa wa umri ule meno yanamwasha mchana na usiku. Anatafuna kiatu, anatafuna mti, anatafuna mkono wa yeyote anayecheza naye, na hana ubaya, ndivyo walivyo. Kijibwa asiyeuma mtoto anayecheza naye kutwa, huyo hajazaliwa.

Chelimo akatokea upande wa kisima na mtungi wa maji. Jua lilikuwa linachoma, mamake kavaa leso tu begani, lakini mtoto alikuwa na sweta ya shule, mikono imevutwa chini mpaka kwenye vidole, na ameishikilia kwa ngumi. Kwenye kingo za mikono ile nyuzi zilikuwa zimetoka, zinaning'inia. Aliponiona mimi, akaona na tundu lililo nyuma ya gari, akaweka mtungi chini akaenda kusimama kati yangu na Kamanda.

Nilimsalimu. Nikamuuliza kama Kamanda humuuma wakicheza. Akatikisa kichwa. Nikamwambia akunje mikono ya sweta nione. Akairudisha nyuma ya mgongo. Mamake akaniambia, kwa heshima lakini nikasikia ameanza kukasirika, kwamba mtoto wake si mwongo. Nikamwambia najua, na nikapiga goti pale kwenye vumbi ili nilingane na mtoto.

"Kwa nini hutaki nione?"

Alinong'ona kama mtu anayeogopa mbwa asisikie. "Ulisema akiuma tumrudishe."

Jamani. Sheria yangu. Ile ninayoitoa kidole kikiwa juu nikijiona mtu wa maana. Mtoto alikuwa ameibeba kutoka Kiamunyi mpaka mlimani, akaitii kwa njia yake: kila alipoumwa alivuta sweta akanyamaza. Nilikuwa nimempa sababu ya kufa kimya kimya, na yeye angeifuata mpaka mwisho kwa mapenzi.

Ningeweza kumdanganya. Ningesema simchukui, nionyeshe tu. Lakini nilimwona akinitazama vile vile kama siku ile, hapepesi macho, nikaogopa kuliko nilivyokuwa nimeogopa siku nzima, kwa sababu nilijua huyu mtoto neno langu analishika. Basi nikafungua bandeji yangu.

"Hapa aliniuma dada yake Kamanda," nikamwambia. "Alikuwa mgonjwa. Amekufa. Mimi nimechomwa sindano ndiyo nisife. Kamanda nitamchukua, Chelimo, hata ukificha nitamchukua. Kuficha hakumsaidii tena. Lakini kama amekuuma na hunionyeshi, utakufa wewe."

Jeruto alitoa sauti nyuma yangu, ndogo tu. Chelimo hakulia. Aliuliza kama Kamanda naye atachomwa sindano. Nikamwambia Kamanda nitamweka peke yake nimwangalie, na kama anakunywa maji kila siku ni habari njema. Akafikiria. Halafu akakunja sweta, mkono mmoja, na wa pili, mpaka viwikoni.

Alama zilikuwa nyingi. Ndogo ndogo, mbili mbili, nyingine zimekauka na nyingine bado nyekundu za asubuhi ile. Juu yake alikuwa amejipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, aliyokuwa akichota kwa kificho kwenye mkebe wa mamake. Jeruto alimwangalia mtoto wake, akakaa chini palepale karibu na mtungi.

Tulimwosha kwa mche wa sabuni na maji ya kisima, mimi nikimwaga, mamake akisugua, na wakati huu mtoto alilia kweli kweli na hatukuacha. Kamanda nilimwongoza kwa kamba mpaka kwenye tundu, akaingia mwenyewe, alidhani ni mchezo. Tukashuka Molo, Chelimo katikati yetu, anageuka kila mara kutazama kwenye kioo cha nyuma. Hospitalini walimchoma begani, wakamchoma na pembezoni mwa yale majeraha mapya, na mamake naye kwa sababu alikuwa amelambwa mikono ikiwa na mikwaruzo. Wakapewa siku za kurudi. Niliposikia daktari akisema wamewahi, nilitoka nje kumwangalia Kamanda kwenye tundu.

Kabla hatujaagana Chelimo alinivuta gauni. Aliuliza nani atampa Kamanda maji. Nikasema mimi. Akauliza kama nitakuwa namwambia ukweli. Nikasema atanipigia kila asubuhi kabla ya shule, na nitamwambia vile ilivyo.

Basi ndivyo tulivyoishi. Kamanda alikaa kwenye banda la mwisho, waya mara mbili, hakuna anayeingia. Bakuli nililisukuma kwa mti. Kila asubuhi niliamka, nikatoka na kanga yangu nikasimama pale, na sikupumua mpaka ulimi wake uguse maji. Simu ikalia. Amekunywa? Amekunywa. Amekula? Amekula, na amembwekea jogoo wa jirani. Akacheka. Kipkoech alifika mpakani akapata habari zote kwa pamoja, akanipigia akaniambia maneno ambayo yote nilikuwa nimeshajiambia. Kesho yake alinipigia tena, akauliza naye kama mbwa amekunywa.

Mtoto alikwenda kuchomwa kila siku aliyopangiwa. Nilianza kulala. Nilianza hata kumwambia Kiplimo kwamba labda yule mbwa wa mtaani hakumfikia huyu.

Halafu asubuhi moja Kamanda alikuja mpaka kwenye bakuli akasimama. Aliinama, pua ikagusa maji, akaruka nyuma kama aliyeunguzwa. Alikuwa na kiu, nilimwona ana kiu. Akarudi, akajaribu tena, maji yakamtoka pembeni ya mdomo pamoja na mate, na akaniangalia mimi nimfanyie kitu.

Simu ikalia kwenye mfuko wa gauni. Niliiacha ilie. Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, mdogo, mtamu, na mtoto angeenda shule akiwa na furaha yake. Nikapokea.

"Amekunywa?"

"Hajakunywa, mama."

Nilisikia kuku wao, na mlango, na mamake akiita mtu.

"Na mimi?"

"Wewe umechomwa mapema. Wewe utakunywa maji mpaka uzeeke."

"Na wewe?"

"Hata mimi nimechomwa."

Akavuta kamasi. "Kamanda anaogopa?"

"Anaogopa," nikasema.

"Basi usimwache peke yake," akasema Chelimo. "Wewe ndiye ulisema arudishwe kwako."

Nilimpigia Kiplimo aje na sindano yake ya mwisho. Kisha nikachukua kigoda cha jikoni nikakiweka nje ya waya, mahali meno hayafiki, nikakaa. Kamanda alisikia sauti yangu akajaribu kutikisa mkia. Nikamwambia niko hapa, nikaendelea kumwambia, mpaka niliposikia gari la Kiplimo likisimama langoni.